Chati ya mistari mitatu na haki ya mkulima wa majanichai Kisii

KATIKA vituo vya kukusanyia majanichai vilivyotapakaa kwenye miinuko ya Kisii na Nyamira, hukumu hutolewa karibu kila siku. Mkulima humwaga mezani majani aliyoyachuma tangu asubuhi, karani akayapekua kwa mkono, na punde si punde huamuliwa iwapo mzigo utapandishwa kwenye mizani, utachambuliwa upya, au utarejeshwa nyumbani. Baadaye lori lifikapo kiwandani, iwe ni Kiamokama, Nyamache, Ogembo, Kebirigo, Sanganyi au Nyansiongo, majani hupimwa ubora kwa sampuli: machipukizi mazuri hutengwa upande mmoja na mabaya upande wa pili, na asilimia ikaandikwa daftarini.

Asilimia hiyo ndiyo kiini cha makala haya. Kituo kilicholeta majani mazuri kwa asilimia 74 jana, kikaleta asilimia 66 leo, je, kimezembea? Wengi watajibu bila kusita kwamba ndiyo, tena watataka wakulima wa kituo hicho waitwe na kukemewa. Mwanatakwimu atajibu kwamba swali hilo halina jibu mpaka tujue jambo moja zaidi, nalo ni kiasi ambacho kituo hicho huyumba katika siku zake za kawaida.

Si suala la kitabuni tu. Kila kiwanda cha wakulima wadogo kinachosimamiwa na Shirika la Ustawi wa Majanichai (KTDA) ni kampuni inayomilikiwa na wakulima wenyewe. Mkulima hulipwa kwa kilo kila mwezi, na mwaka wa fedha unapofungwa mwezi Juni, sehemu ya mapato iliyosalia hugawanywa kuwa malipo ya pili, yale ambayo kila mtu huyaita bonasi. Katika kiwanda kimoja, kilo ni kilo. Aliyechuma kwa uangalifu na aliyekwangua kichaka kwa pupa hulipwa kiwango kile kile, ilhali wa pili amejaza gunia lake upesi zaidi. Faida ya uzito ni yake peke yake. Hasara ya chai duni hugawiwa majirani wote. Kwa hiyo kiwanda kisipoyakagua majani, mkulima mwaminifu huibiwa polepole. Kikiyakagua kwa pupa, mkulima yule yule mwaminifu huenda akaadhibiwa kwa kosa ambalo halikutendeka.

Ubora wenyewe haubishaniwi. Chai nzuri hutokana na majani mawili machanga na chipukizi lake. Jani lililokomaa huwa na nyuzinyuzi nyingi na upungufu wa zile kemikali zinazoipa chai rangi na ukali. Kiwandani majani hunyaushwa, hukatwa na kuraruliwa kwa mashine, huachwa yachachuke, hukaushwa hadi unyevu ubaki kama asilimia 3, kisha chai huchekechwa kwa madaraja. Yahitajika takriban kilo nne na nusu za majani mabichi kupata kilo moja ya chai iliyo tayari. Katika safari hiyo yote kuna mashine ya kila kazi, isipokuwa ya kurejesha jani gumu likawa changa. Kiwanda hupokea alichokichuma mkulima, na mnada wa Mombasa hupokea kilichotoka kiwandani.

Turudi kwenye ile asilimia 74 na ile 66.

Mnamo Mei 16, 1924, mhandisi mmoja wa Marekani aitwaye Walter Shewhart, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Western Electric iliyotengeneza vifaa vya simu, alimwandikia mkubwa wake waraka mfupi wenye mchoro. Kampuni hiyo ilikuwa na tatizo linalofanana sana na la viwanda vyetu vya chai. Kila dosari ilipoonekana, mafundi walirekebisha mitambo. Na kadiri walivyorekebisha ndivyo mambo yalivyozidi kuyumba. Shewhart aligundua kwamba walikuwa wakichanganya mambo mawili. Kuna kuyumba kunakotokana na hali yenyewe ya kazi, vijisababu vidogo vidogo visivyohesabika vinavyokuwapo kila siku. Na kuna kuyumba kunakoletwa na jambo mahususi lililozuka na ambalo laweza kutafutwa na kupatikana. Mchoro wake ulikusudiwa kutenganisha mambo hayo mawili. Alikuja kuyaeleza kwa kirefu katika kitabu alichokichapisha mwaka 1931, na mwaka 1950 Mmarekani mwenzake, W. Edwards Deming, akaifundisha mbinu hiyo kwa wahandisi na wakuu wa viwanda nchini Japani. Umaarufu wa bidhaa za Japani katika miongo iliyofuata una mizizi yake, kwa kiasi fulani, katika mafunzo hayo.

Mchoro wenyewe huitwa chati ya udhibiti, na mtoto wa darasa la nane anaweza kuuchora. Tuchukue mfano wa kubuni wa kituo kimoja. Kwa siku kumi mfululizo, sampuli ya machipukizi 200 imechukuliwa kila siku, na asilimia ya mazuri imekuwa 74, 70, 73, 69, 75, 72, 71, 76, 70 na 70. Ukijumlisha na kugawanya kwa kumi utapata wastani wa 72. Huo ndio mstari wa katikati.

Hatua ya pili ni kutazama tofauti ya kila siku na siku iliyoitangulia, bila kujali imepanda au imeshuka. Kutoka 74 hadi 70 ni 4. Kutoka 70 hadi 73 ni 3. Na kuendelea hivyo tunapata 4, 3, 4, 6, 3, 1, 5, 6 na 0. Jumla ni 32, na kwa kuwa tofauti ni tisa, wastani wake ni karibu 3.56. Wastani huo huzidishwa kwa 2.66, namba isiyobadilika ambayo wanatakwimu wameikokotoa zamani na ambayo msomaji hana haja ya kuumiza kichwa kwayo. Jibu ni karibu 9.5. Ongeza 9.5 kwenye 72 upate kikomo cha juu, 81.5, punguza upate kikomo cha chini, 62.5. Mistari mitatu imekamilika. Katika kazi halisi ni heri kungoja siku 20 au zaidi kabla ya kuiamini, lakini hesabu ni hiyo hiyo.

Sasa ile asilimia 66 imepata maana. Imo ndani ya mistari. Kituo hiki, kwa jinsi kinavyofanya kazi zake za kila siku, kinaweza kuleta 66 leo na 75 kesho bila mtu yeyote kubadili chochote. Kumwita mwenyekiti wa kamati ya kituo na kumtaka aeleze "kilichotokea" ni kumtaka abuni hadithi, maana hakuna kilichotokea.

Msomaji asidhani kwamba chati ni wakili wa wazembe. Tuseme zile siku kumi zimepita, na zinazofuata zinaleta 70, 71, 69, 70, 71, 68, 70 na 71. Hakuna hata moja iliyokaribia kikomo cha chini. Karani aliyezoea kutazama siku moja moja asingeinua hata jicho. Lakini zote nane ziko chini ya mstari wa katikati. Kama kituo kingekuwa bado kile kile, kila siku ingekuwa na nafasi sawa ya kuangukia juu au chini, kama sarafu irushwayo hewani, na kuanguka chini mara nane mfululizo kungetazamiwa mara moja tu katika 256. Chati inasema kuna jambo limebadilika, na inasema hivyo wakati ambapo jambo lenyewe bado ni dogo na laweza kurekebishwa. Kanuni hii ya nukta nane upande mmoja, pamoja na ile ya nukta moja kuvuka kikomo, zatosha kabisa kwa kiwanda kinachoanza.

Nukta ikivuka, kazi ya msimamizi wa mashambani ni kwenda kuuliza, na kwenda siku ile ile, kabla kumbukumbu hazijapoa. Katika nchi ya Abagusii majibu hayakosekani. Mvua ya mawe, ambayo wakulima wa miinuko ya Kisii na Kericho wanaijua vyema, huweza kuyapasua majani ya upande mmoja wa kilima na kuuacha upande wa pili salama. Lori huweza kukwama kwenye matope, majani yaliyoshindiliwa magunini yakapata joto na kuwa mekundu, hata kama yalichumwa vizuri kupita kiasi. Huenda wachumaji wapya wameajiriwa na hawajafundishwa. Huenda pia mtu ameanza kununua majani kwa wachuuzi na kuyapitisha kwa namba yake ya ukulima. Kila mojawapo ni kisababishi maalumu; kina tarehe, kina mahali, na mara nyingi kina dawa.

Lakini vipi ikiwa kiwanda kinataka asilimia 75, na kituo chetu kimetulia kwenye 72 mwezi baada ya mwezi, hakivuki mstari wowote? Hapa ndipo wasimamizi wengi hukosea, na kwa maoni yangu ndipo penye somo lenye thamani kuliko yote. Mistari ya chati haitokani na matakwa ya kiwanda. Hutokana na mwenendo wa kituo chenyewe. Kiwango cha kiwanda ni kitu kingine kabisa, na hakifai kuchorwa juu ya chati kana kwamba ni kikomo. Kituo kilichotulia kwenye 72 kinatuambia kwamba mfumo mzima, jinsi ulivyo, hutoa 72. Kukemea hakubadili mfumo.

Kinachobadili mfumo ni mambo ambayo mkulima mmoja mmoja hayawezi peke yake. La kwanza ni mzunguko wa kuchuma. Shamba likipitiwa baada ya siku saba au nane, machipukizi mengi huwa bado machanga. Zikipita wiki mbili au zaidi wakati wa mvua nyingi, hata mchumaji hodari atavuna majani yaliyokwisha kukomaa. Mkulima mwenye robo ekari na watoto shuleni huchelewa kwa kukosa mikono, wala si kwa kukosa nia. Vikundi vya majirani wanaofanyiana kazi kwa zamu, vile ambavyo Abagusii huviita egesangio, vinaweza kuufupisha mzunguko huo kuliko barua kumi za onyo. La pili ni usafiri: ratiba ya malori na hali ya barabara. La tatu ni uwezo wa kiwanda chenyewe kupokea majani msimu wa mavuno makubwa, wakati foleni ya magari inapokuwa ndefu na majani yanaendelea kuharibika yakingoja. Deming hakuchoka kurudia kwamba sehemu kubwa ya dosari ni za mfumo, na mfumo ni mali ya wakubwa. Ni maneno machungu kwa meneja, lakini chati huyathibitisha mbele ya macho yake.

Kuna mtego mwingine ambao umewanasa walimu, makocha na mameneja wa kila aina. Kituo kikileta 64 leo, karani akawakemea wakulima, kesho yake kuna uwezekano mkubwa kituo kilete zaidi ya 64. Si kwa sababu ya makemeo. Ni kwa sababu 64 ilikuwa siku mbaya mno, na baada ya siku mbaya mno kwa kawaida huja siku iliyo karibu na wastani. Vivyo hivyo, kituo kilichosifiwa kwa kuleta 80 huelekea kushuka kesho yake. Msimamizi asiye na chati hujifunza kutokana na hayo kwamba ukali hufaa na sifa huharibu. Amejifunza uongo kwa bidii kubwa, na wakulima ndio wanaolipa karo.

Tugusie sampuli, maana hapo ndipo dhuluma nyingi hujificha. Ukubwa wake hubadilisha kila kitu. Kwa kituo chenye wastani wa 72, sampuli ya machipukizi 200 yaliyochukuliwa bila kuchagua inaweza kuyumba kwa bahati tu kati ya 62 na 82 hivi. Ukichukua 50 pekee, bahati hiyo hiyo yaweza kukuletea chochote kati ya 53 na 91. Na ili kupunguza mayumbo hayo kwa nusu, sampuli haina budi kuongezwa mara nne. Ndiyo maana konzi moja ya majani iliyochotwa juu ya gunia la mkulima haiwezi kuwa ushahidi wa kumnyima mtu riziki. Karani anayeutandaza mzigo wote mezani na kuupekua anafanya jambo jingine, kwani yeye hakisii, anaona. Namba za kwenye sampuli ndogo zinafaa kumjadili mtu zikiwa zimekusanywa kwa siku nyingi, au kukijadili kituo kizima.

Aidha sampuli iliyochaguliwa kwa hila huiharibu chati bila kuacha alama. Majani yakichotwa daima kutoka mfuko wa juu, au karani akiwa na marafiki, mistari itachorwa vizuri sana juu ya uongo. Alama pekee inayoweza kuonekana ni utulivu uliopita kiasi: nukta zinazong'ang'ania mstari wa katikati bila kuyumba, 72, 72, 73, 72, mwezi mzima. Mashamba ya wakulima mia moja hayana tabia hiyo. Atazamaye chati ya namna hiyo na auulize mkono ulioiandika.

Yafaa pia kila kituo kiwe na chati yake. Wastani wa kiwanda kizima huficha mengi: vituo viwili vikiboreka huku kimoja kikididimia, mstari wa jumla husimama wima kama askari na hakuna ajuaye. Hata hivyo wingi wa chati una gharama yake. Mistari huwekwa mbali kutoka katikati kwa makusudi, ili kengele ya uongo ilie kama mara tatu tu katika nukta 1,000. Kiwanda chenye vituo 50 kikipokea majani siku 300 kwa mwaka kitakuwa na nukta 15,000, na kati ya hizo takriban 40 zitavuka mistari bila sababu yoyote. Kwa hiyo msimamizi akienda kituoni asiende na barua ya adhabu mfukoni. Aende na daftari. Kuna siku atarudi mikono mitupu, na hiyo haitakuwa aibu kwake wala kwa kituo.

Mbinu hii haikuumbiwa chai. Mnunuzi wa vinyago na sahani za mawe ya Tabaka, akiagiza sahani mia kadhaa za kipimo kimoja kutoka kwa wachongaji kadhaa, anaweza kupima kipenyo na kuchora chati ya kila karakana. Ila pale ambapo kila kipande hutakiwa kiwe tofauti na mwenzake, kama kinyago cha kisanii, chati haina kazi. Chai ina bahati ya kuwa bidhaa inayorudiwa kila siku kutoka kwa watu wale wale.

Wala tusiipe chati sifa isiyo yake. Wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wamekuwa wakilipwa bonasi ndogo kuliko wenzao wa maeneo ya Mlima Kenya, na mwaka 2025 malipo yalipotangazwa malalamiko yalisikika tena. Bei ya mnadani, gharama za viwanda, mikopo na usimamizi vyote vimo katika pengo hilo, na karatasi yenye mistari mitatu haiwezi kuliziba. Inachoweza kufanya ni kuondoa hoja moja mezani: ile ya kurushiana lawama juu ya majani bila ushahidi. Wakurugenzi wakisema majani ya Kisii ni duni, chati za vituo zitaonyesha ni vituo gani, tangu lini, na kama kuna kilichobadilika. Wakulima wakisema wanaonewa, chati hizo hizo zitaonyesha. Ndiyo sababu mahali pake si kabati la meneja. Ni ukuta wa kituo, karibu na mizani, ambapo kila aletaye majani ataiona nukta ya jana.

Mistari ikishachorwa haibadilishwi kila wiki kufuata upepo. Hukokotolewa upya pale tu ambapo mfumo umebadilishwa kwa kukusudia na chati yenyewe imekiri. Tuseme kituo chetu cha mfano kimeanzisha zamu za kuchumiana, mzunguko ukafupika, na siku 20 zilizofuata zimeleta wastani wa 77 kwa mayumbo yale yale. Mstari wa katikati huhamia 77, wa juu 86.5, na wa chini 67.5. Hapo ile asilimia 66 tuliyoanza nayo, ambayo ilikuwa siku ya kawaida na haikustahili hata swali, itakuwa imeanguka nje ya mstari, na safari hii msimamizi atakuwa na sababu ya kupanda pikipiki kwenda kuuliza kulikoni.